Balozi Asiyekunywa Maziwa

Tulimwita Balozi, ingawa hakuwahi kuwa balozi. Alikuwa mtu wa tatu au wa nne katika ubalozi wa nchi yake huko Ulaya, yule anayetumwa uwanja wa ndege kupokea wageni, anayewajua wanafunzi wote wa kwao kwa majina, anayewaita chai siku ya Idi. Hayo alituambia mwenyewe, tena kwa ukali, maana hakupenda kupandishwa cheo na watu wasiomwajiri. Lakini Garissa ukishabandikwa jina, limeganda. Mimi kwetu Malindi. Nililetwa huku na kazi ya uuguzi nikidhani nitakaa kidogo nirudi zangu pwani, nikaitwa Sista, na mpaka leo wako watu wa mtaa wetu wa Iftin wanaoamini kwamba hilo ndilo jina alilonipa mama yangu.

Alikuja miaka ile ya tisini, serikali ya kwao ilipokwisha kuanguka na watu wanamiminika kuvuka mpaka. Wengi walikwenda kambini Dadaab. Wengine walijipenyeza mjini kwa jamaa zao, wakaanza upya na meza ya chai au mbuzi wawili. Yeye alikuja kwa basi kutoka Nairobi, na begi moja, na viatu vyeusi vilivyong'aa hata ungeweza kujipaka wanja kwa kuvitazama. Angeweza kubaki Ulaya, karatasi zake zilikuwa sawa. Zahanati yetu ilikuwa ndogo, ya watu wa hisani, na daktari alipita siku anayojaliwa. Mzee akasimama mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili cha vitabuni, "Mimi hutibu huzuni, bibi mwuguzi. Mnayo nafasi ya mtu wa namna hiyo?" Nikamwambia huzuni ndiyo kitu pekee ambacho hatujawahi kuishiwa hapa, aingie.

Kiswahili alijifunza Dar es Salaam ujanani, alipotumwa huko kikazi. Sarufi yote ipo, kila neno limevaa nguo yake, ila p ikimfika mdomoni inatoka b. Akikupa pole anasema "bole". Nami nawaambieni, bole ya mzee yule ilikuwa na uzito kuliko pole zetu zote tunazozitupa njiani tukipita.

Alichotufanyia kwanza ni kuupaka chokaa ukuta wa nyuma wa zahanati. Tukadhani anatupambia. Kumbe huo ndio uliokuwa darasa lake na chumba chake cha tiba. Alitandika magunia yaliyokunjwa, akawaketisha watu wameuelekea ukuta, migongo wima, mikono mapajani, naye akakaa nao vivyo hivyo. Aligonga kikombe cha bati kwa kijiko, ting, wakanyamaza. Baada ya muda akagonga tena, wakainuka. Basi. Hakuna dawa, hakuna sindano, hakuna la kuambiwa. Aliyetaka kusema alisema palepale, akiutazama ukuta, na Balozi akasikiliza akiutazama ukuta huohuo. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, "Balozi, hii tiba yako hata mbuzi wanaiweza." Na kweli mbuzi wa jirani walikuwa wakipita mapajani mwa wagonjwa wakitafuna pindo za mashuka yao. Akanijibu, "Mbuzi wanaiweza kuliko wewe, Sista. Wewe hujawahi kunyamaza tangu nije."

Alinishinda. Siku moja nikakaa kwa ubishi tu, nikasinzia, nikaangukia ukuta, nikaamka na chokaa usoni. Siku nyingine nikakaa nikajikuta namlilia mtoto wangu niliyemzika Malindi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote Garissa. Hakunigusa, hakunitazama. Alisema tu, "Bole." Tangu siku hiyo nikaacha kucheka.

Mjini maneno hayakukosekana. Wengine walisema ni jasusi. Wengine walisema ameritadi, anaabudu ukuta. Sheikh wa msikiti wa mtaa, mtu wa watu lakini mkali wa dini, akaja mwenyewe kuuliza.

"Balozi, nasikia umetuletea mungu wa chokaa."

"Sheikh, ukuta huu nimeupaka mwenyewe, na utazame, umepinda. Ningekuwa natafuta cha kuabudu ningechagua kilichonyooka. Sala zangu ni tano, na unaniona safu ya pili. Hapa tunakaa tu."

"Mnakaa tu?"

"Tunakaa tu."

Sheikh akacheka. "Wallahi basi nusu ya wanaume wa Garissa ni wanafunzi wako wa siku nyingi, hasa miraa ikishafika alasiri." Akavua viatu, akakaa kidogo, magoti yakamkataa, akaenda zake. Hakurudi kukaa, ila hakumsema tena mimbarini.

Kabla ya Garissa mzee alikuwa na maisha mengine, nayo aliyatoa vipandevipande, kama mtu anayetoa miiba. Baada ya Ulaya alihamishiwa Japani, na huko pombe ikamzidi. Mwislamu, baba wa watoto, akawa mtu wa kuokotwa barabarani. Mkewe akachukua wanawe akaenda zake. Asubuhi moja alizinduka kwenye ngazi za hekalu la watawa wa njia ile wanayoiita Zen, na mtawa mmoja mkongwe anafagia kumzunguka, kama unavyofagia kuzunguka jiwe. Hakumfukuza wala hakumwamsha. Alipoinuka mwenyewe akapewa ufagio. Akakaa nao miaka, akifagia na kukaa, kukaa na kufagia, mpaka wakamruhusu naye kufundisha, wakamvika joho jeusi. Joho hilo alikuja nalo Garissa, likawa shuka la kuwafunika wanaotetemeka na malaria. Kisha akarudi Ulaya kusomea tiba ya nafsi, hadi alipokuja kwetu. Ukimuuliza pombe ilianzia wapi, alisema, "Ilianzia kwenye jambo." Ukiuliza jambo gani, aliinuka akaenda kupaka viatu rangi.

Hivyo viatu! Mtu anayefundisha watu wasishikamane na vitu, lakini kila asubuhi yuko na kitambaa, anasugua, katika vumbi hili la Garissa ambalo hata ukifumba macho linakuingia. Alifundisha subira, na kwenye hoteli ya chai alikuwa wa kwanza kugonga meza. Niliyasema hayo mbele yake. Alikubali yote. Alisema watawa nao walimwambia hivyohivyo, na kwamba yeye ni mwanafunzi mbaya aliyebahatika kuruhusiwa kufundisha.

Na jingine, hakuweza kusema uongo hata ule mdogo wa adabu. Sisi tukiulizwa hujambo, tunasema sijambo hata kama tumebeba jeneza. Yeye ukimsalimu kwa Kisomali, "Nabad?", ni amani? alifikiri kwanza, halafu anakwambia, "Leo hapana, sijalala." Nilimpikia pilau ya kwetu kwa moyo wangu wote, nikamuuliza vipi. "Chumvi nyingi," akasema, akala yote. Mama mmoja alimwonyesha mtoto wake mchanga, akamtazama sana, neno mzuri halikumtoka, akasema, "Ana afya." Nilimfokea. Akaniambia, "Sista, nimelipwa nusu ya maisha yangu kusema uongo kwa sauti nzuri. Sasa huo mmoja tu ukinitoka, wote utarudi."

Jambo la mwisho la tabia zake nilichelewa kuliona. Mzee yule hakumwambia mtu kamwe arudi nyumbani. Darasa likiisha, mgonjwa akipona, hata mbuzi akiingia dukani, sisi wote tunasema haya nenda nyumbani, rudi kwenu. Yeye alisema, "Nenda ulikokuwa ukienda." Nilidhani ni ushairi wa Kijapani.

Sasa niwaeleze habari ya Hooyo.

Hooyo ni mama kwa Kisomali, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mama huyu. Alikimbia vita akafikia kwa binti yake aliyeolewa Iftin, naye akawa anauza maziwa ya ngamia yanayoletwa kutoka upande wa Balambala. Mara ya kwanza kumwona aliletwa na binti yake, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamwekea mkono, moto.

"Unaumwa wapi, Hooyo?"

"Mimi hapana gonjwa."

"Mwili unawaka, mama."

"Hiyo jua nachoma. Mimi mzima. Andika hapo, mzima."

Nikabishana naye weee, hakuna. Dawa akaifumba mkononi hakuimeza. Binti akanivuta pembeni analia. Akaniambia mama yake ana mwana mmoja wa kiume, alikwenda Ulaya kusomea udaktari wa mifugo kwa gharama ya serikali. Huko akasimama kwenye mkutano wa wanafunzi akasema maneno kuhusu serikali hiyohiyo. Haikupita muda, mtu wa ubalozi akamfuata akamwambia mama yako ni mgonjwa sana, rudi nyumbani, tiketi hii hapa. Kijana akapanda ndege siku ileile. Aliposhuka kwao alingojewa na gari, na tangu kupanda gari lile hakuna aliyemwona tena. Na mama hakuwa mgonjwa. Siku hiyo alikuwa kisimani ananywesha ngamia.

"Tangu hapo hajakubali kuugua," binti akasema. "Hata jino likimuuma anasema yeye mzima. Anaona akisema mgonjwa, wale watu watakuwa walisema kweli."

Nikampeleka kwa Balozi. Nani mwingine? Tulikuwa na daktari wa huzuni, na huzuni ilikuwa imekuja kwa miguu yake. Tena mimi Kisomali changu ni cha sokoni lakini kinanitosha kusikia, kwa hiyo nikawa nakaa nao, pengine nahitajika. Siku za mwanzo Hooyo alinyamaza kama wengine. Ukuta una faida moja, hauna macho. Ukiutazama kwa muda, mdomo unasahau aibu. Asubuhi moja, bila kuulizwa, akaanza kusema.

Alisema hamtafuti mwanawe, anajua amekufa, mama hujua. Alisema anachotaka ni kitu kimoja tu hapa duniani. "Alipoambiwa mama yako ni mgonjwa, mwanangu alisema nini? Mtoto hawezi kuambiwa hivyo akanyamaza. Lazima alisema neno. Neno hilo ni langu mimi, na analo yule mtu wa ubalozi." Kisha akautaja mji aliosoma mwanawe, na alama aliyozaliwa nayo, kishungi cha nywele nyeupe kwenye paji.

Nikangoja Balozi aseme bole. Hakusema. Kikombe hakukigonga. Aliinuka, akaenda, akapita lango la zahanati akashika njia. Viatu vyake vilibaki pale ukutani, vimepangwa, vinang'aa, naye anakanyaga mchanga wa Garissa wa saa nne kwa nyayo tupu. Hooyo akaniuliza nimemkosea? Nikamwambia hapana, pengine tumbo.

Akarudi kesho yake kama kawaida, na Hooyo naye akarudi. Na tiba ikamshika. Alianza kulala. Alianza kutania wateja wake. Malaria ilipomrudia bado hakukubali kuwa anaumwa, lakini vidonge alivimeza, akasema ni peremende. Na kwa shukrani akawa anamletea Balozi maziwa kila asubuhi, katika dhiil, kile chombo cha kusukwa kinachofukizwa kwa moshi wa kijinga cha moto mpaka maziwa yanukie. Yale mazuri, ambayo hakuwauzia watu.

Balozi aliipokea kwa mikono miwili. Alishukuru kwa maneno marefu. Halafu hakunywa. Hooyo akishageuza mgongo, maziwa yakaenda kwa wagonjwa. Chai ya kila mtu alikunywa, hata ile ya jirani yetu inayonuka masizi, lakini maziwa ya mama yule hayakupita mdomoni kwake.

Ninyi mnaosoma mkiwa mbali, lieleweni hili. Huku unaweza kukataa nyama, ukakataa posa, ukakataa hata mkono wa mtu, yatasuluhishwa. Maziwa hayakataliwi. Ukiyanywa, umesema kati yangu na wewe kuna amani. Ukiyakataa, umesema mimi na wewe tuna jambo. Hata mwenye kisasi kikali, akishakunywa maziwa ya nyumba, ulimi wake hufungwa. Mtoto wa huku analijua hilo kabla hajajua kuhesabu, na Balozi alikuwa wa huku kuliko mimi.

Nilimvumilia, kisha nikamchachamalia. Nilimkuta jikoni anagawa yale maziwa kwenye vikombe vya wagonjwa.

"Balozi, huyu mama amekufanya nini? Unamwona mchafu?"

"Hapana."

"Tumbo lako la Kizungu halitaki maziwa ya ngamia?"

"Nayapenda kuliko kitu chochote."

"Basi ni kiburi! Mzee mzima, mwalimu wa watu, umejaa kiburi!"

Akaweka dhiil chini polepole. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakulizoea. "Mkono huu, Sista," akasema, "ndio uliompa mwanawe tiketi."

Jamani. Nilikaa chini juu ya gunia la unga.

Akaniambia yote. Aliagizwa, akaenda bwenini kwa kijana, akaketi kitandani pake, akamshika bega, akamwambia kwa sauti yake nzuri. Hakujua watamfanya nini. Halafu akasita, kwa sababu hakuweza uongo, akasema, "Sikujua. Lakini nilidhani." Kijana alimwamini kwa vile alikuwa akinywa chai kwake siku za Idi. Pombe ilianza wiki ileile. Na Garissa alikuja akijua kwamba watu wa kule waliokimbia wako hapa, akiomba asikutane na mama huyo na akiomba akutane naye.

"Mwambie," nikasema.

"Nikimwambia nitatua mzigo wangu kichwani kwake. Sasa analala. Anacheka. Nichukue hata hicho, kwa ajili ya nafuu yangu mimi?"

"Neno analolitaka si unalo wewe?"

Akachukua kikombe, akaanza kukipanguza.

"Si unalo, Balozi?"

"Ninalo."

"Basi unakalia mali ya mtu! Uongo mdogo wa chumvi ya pilau umekushinda, na huu unaukalia kila asubuhi umeuelekea ukuta! Hiyo ndiyo tiba?"

Nilipiga kelele mpaka mgonjwa wa kidonda akachungulia. Balozi akarudi kwenye vikombe vyake. Nilimchukia, na palepale nilimhurumia, na nilijichukia kwa kumhurumia. Mzee niliyempenda kama baba alikuwa amemtoa mtoto wa mwenzangu, na mimi nimemzika wangu, najua. Kwa siku nyingi sikula naye, na nilipompa chai niliiweka mezani kwa kishindo.

Mwisho aliyelifungua jambo ni Hooyo mwenyewe. Binti yake, au mgonjwa fulani, alimpasha kwamba maziwa yake hunywewa na wengine. Asubuhi hiyo akaja na dhiil yake, akalikuta darasa limekaa, akasimama nyuma ya mgongo wa Balozi. Akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya mama anayemsema mtoto, sio ya ugomvi.

"Balozi. Kunywa, nikuone."

Hakugeuka.

"Wanaokataa maziwa yangu ni wawili. Ni adui yangu, au ni mtu aliyenificha kitu. Wewe ni yupi?"

Alikuwa hajawahi kuupa ukuta mgongo darasa likiendelea. Siku hiyo aligeuka palepale juu ya gunia, akamwelekea. Akasema, "Ni wote wawili, Hooyo. Mimi ndiye niliyemwambia mwanao unaumwa."

Mbuzi walikuwa wanapita. Nakumbuka nilimchukia kila mbuzi. Mama yule hakupiga yowe, hakumrukia. Alikaa chini polepole mbele yake, dhiil mapajani, nyuso zao karibu, akauliza lile lake moja.

"Alisema nini?"

Balozi akafumbua mdomo, sauti ikakataa. Mtu aliyeishi kwa sauti! Akajaribu tena.

"Aliuliza, 'Anaweza kumeza maziwa?' Nikamwambia kidogo. Akasema, 'Kama anameza maziwa, atanisubiri.' Akaanza kukunja nguo zake."

Hooyo akayarudia maneno yale kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akayarudia tena. Kisha akafunika dhiil yake, akainuka, akaondoka nayo. Hakumpa mtu yeyote maziwa siku ile. Wiki haikwisha akahamia Balambala walipo ngamia wa jamaa zake, hakuaga.

Habari ikauenea mji. Vijana wa ukoo wa Hooyo walikuja zahanati na fimbo, na macho yao hayakuwa ya kupiga tu. Balozi alitoka akasimama mbele yao na viatu vyake vinang'aa. Sheikh akaja mbio, lakini si sheikh aliyewazuia. Binti wa Hooyo ndiye aliyefika na maneno ya mama yake kutoka Balambala. Alikuwa amesema, "Asiguswe. Huyo ndiye pekee aliyebaki na sauti ya mwanangu masikioni. Mkimuua, mnaizika mara ya pili." Wakashusha fimbo zao.

Wanafunzi wakamkimbia, na sikuwalaumu. Magunia yakabaki matupu. Yeye akaendelea kugonga kikombe kila asubuhi na kukaa peke yake, na chokaa ikawa inabanduka bila kupakwa. Siku moja nikaenda nikakaa karibu naye. Sikwenda kwa msamaha, msamaha haukuwa wangu. Nilishindwa tu kumwona mtu anakaa peke yake hivyo.

Halafu ikaja ile mvua ya El Niño. Tana ikatapika, barabara zikakatika, Garissa ikawa kisiwa, nasi watu wa nchi kavu tukaona mitumbwi pasipo na mto. Maji yalipoanza kushuka ukaingia ugonjwa wa mifugo, mbuzi wakaharibu mimba, kondoo wakafa kama nzi, na watu nao wakashikwa na homa ile ya kutoka damu. Kazi yangu ikawa kupita nyumba kwa nyumba nikihubiri, chemsheni maziwa, chemsheni maziwa. Wazee wakanicheka. Maziwa ya kuchemsha, walisema, ni maiti ya maziwa. Na ya kuchemsha yenyewe yalikuwa wapi? Hata kikombe kimoja kilikuwa habari.

Balozi hakushikwa na homa hiyo. Kilichomwangusha ni ini, lile la miaka ya pombe, lilikuwa likimngoja. Alikataa kupelekwa Nairobi. Tukamlaza chumba kidogo cha zahanati, akaomba kitanda kigeuzwe auelekee ukuta. Nilimfunika kwa joho lake lile jeusi. Viatu vyake nilivipaka rangi mimi, nikaviweka pale anapoviona. Aliviangalia akasema, "Hukufika kwenye kisigino." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu ya mwisho. Baadaye hata maji yakawa yanamshinda, nikawa namlowesha midomo kwa pamba.

Asubuhi moja barabara ya Balambala ilipopitika, nilikuwa nafagia mlangoni, nikaona mama anakuja polepole na kitu amekikumbatia chini ya guntiino, lile shuka lake la kujifunga begani. Alikuwa amekonda, na anakohoa. Nikaacha ufagio.

"Nabad, Hooyo?"

"Nabad, Sista."

Kikohozi kilimkata mara mbili akishika ukuta. Nikauliza kwa mazoea tu, kama unavyosalimia, nikijua jibu.

"Unaumwa, mama?"

"Ndiyo," akasema. "Mimi gonjwa. Kifua. Siku nyingi."

Nilitaka kumkumbatia, nikashindwa hata kunyoosha mkono. Akafunua dhiil. Ilikuwa na maziwa kidogo chini, sijui ni ya ngamia gani aliyebaki hai.

"Hii nachemsha," akasema, "kama wewe nasema. Kwa sababu ya ugonjwa."

Akachungulia chumbani kupitia bega langu. Balozi alikuwa amelala ameuelekea ukuta, na joho linapanda na kushuka kidogo sana.

"Mimi hapana samehe yeye," Hooyo akasema. "Sista, sikia. Hapana samehe."

"Nimesikia, mama."

"Nauliza tu." Akaikumbatia dhiil yake vizuri. "Yeye naweza kumeza maziwa?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema Garissa nzima, nilisimama pale mlangoni machozi yananitiririka mpaka kwenye sare. Nikaitikia kwa kichwa kwamba kidogo. Kidogo anaweza. Hooyo akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika bega akamgeuza, na mzee akafumbua macho akamwona. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikaenda kuchukua kijiko, kile chake cha kugongea kikombe, maana hatukuwa na kingine kilicho safi.